Zimebaki Nakala Chache

Mume wangu Lawrence anajua jinsi binadamu anavyofanya uamuzi. Anafundisha somo hilo chuo kikuu hapa Durban, na mwaka jana aliliandikia kitabu: namna ya kuanzisha biashara na kumfahamu mteja kabla mteja hajajifahamu mwenyewe. Bingwa huyohuyo alikwenda kwa mchapishaji kuagiza nakala mia mbili, akaambiwa akichukua elfu moja bei itashuka, akachukua elfu moja. Mganga hajigangi.

Maboksi yakajaa chumba cha wageni katika fleti yetu ya Greyville hadi yakaziba dirisha. Ningeyavumilia, ila mama alipiga simu kutoka Meru kusema amepata pasipoti, anakuja kunitembelea. Hatujaonana tangu niolewe. Kisha akauliza atalala wapi.

Nikamwambia sebule yetu ni kubwa.

"Kendi, nilale kwenye kochi, mkwe wangu anipitie na taulo kiunoni? Kama hakuna chumba chenye mlango, siji."

Na mama akisema haji, haji. Nikamwambia Lawrence vitabu viondoke. Akatabasamu kama daktari aliyeulizwa habari za mafua.

"Sura ya nne," akasema. "Kitu kikiadimika, watu hukigombania. Trust me."

Jumapili, kanisani kwetu South Beach, ambako Wakongo ni wengi kuliko sisi Wakenya, alisimama wakati wa matangazo akasema zimebaki nakala chache sana. Ndani ya nyumba ya Bwana! Mezani alikuwa amepanga vitabu kumi tu. Waumini wakavigusa, wakampa mkono, wakaenda zao kula. Jumapili iliyofuata akaweka vitano. Halafu akaweka kimoja, peke yake katikati ya kitambaa cheupe, na hicho nacho tukarudi nacho nyumbani.

Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Kwenye kikao cha akina mama nikamwuliza Marcelline, Mkongo mwenye saluni pale Point, kitabu cha mume wangu kina kasoro gani.

Akashangaa. "Kasoro? Hapana, dada Kendi, kitabu iko muzuri kabisa! Lakini yeye alisema imebakia kidogo. Sasa miye nikamate ya mwisho, wenzangu wakose? Aibu yangu iko wapi? Niliachia Tina."

"Na miye niliachia Marcelline," akasema Tina wa duka la simu.

Nilicheka mpaka nikalia, na kile kilio hakikuwa cha kicheko tu. Nikawaambia ukweli: vitabu viko tele, vimelala chumbani, na mama yangu hana pa kulala.

Marcelline alikasirika kweli. "Maman anakuja, na wewe unanyamaza?"

Wiki hiyo Lawrence alikuwa Johannesburg, kwenye kongamano kuhusu uamuzi. Akina mama wakaja na mikoba, magunia, hata kigari cha mtoto. Nikawaambia wachukue bure. Wakakataa katakata, wakaacha pesa mezani. Baadhi yao Kiingereza cha kitabu kile hawakisomi kabisa. Tina alibeba maboksi mawili, eti kila atakayebadilishiwa kioo cha simu apewe kitabu, atake asitake. Nikafagia, nikatandika kitanda, nikampigia mama aje.

Lawrence aliporudi alisimama mlangoni mwa kile chumba, begi bado begani.

"Vyote?"

"Vyote."

"Walisema nini?"

Jibu nilikuwa nalo, tena kali. Nilikuwa nimelinoa wiki nzima. Lakini macho yake yalikuwa yamelowa. Nikamkumbuka amesimama nyuma ya ile meza, watu wakimpita, naye akiendelea kutabasamu. Nilimhurumia, na nilimpenda kuliko nilivyokusudia.

"Walisikia vimebaki vichache," nikasema.

Mama alipofika, Lawrence alimbebea mizigo mwenyewe, akamfungulia mlango wa chumba kwa fahari.

"Mama, humu mlijaa vitabu vyangu. Watu wamevigombania vyote! Kwa hiyo nimeagiza elfu mbili."

Mama akapiga makofi. Akanigeukia, akaniambia kwa Kimeru kwamba niliamua vyema kuolewa na mtu huyu. Nikaitikia. Kisha nikaenda chumbani kwetu kutoa nguo zangu kabatini, maana vitabu vinafika Ijumaa.