Mlango Uliomshinda Shoka

Kaka yangu ni daktari wa meno na nyumbani tunamwita Shoka. Wagonjwa wake hawalijui jina hilo, na ni heri wasilijue. Alilipata utotoni, mbele ya kompyuta isiyo na picha hata moja, maana kila alipokwama kwenye mchezo hakuwa na wazo lingine: alitafuta shoka.

Ile kompyuta ilitupwa na ofisi moja ambayo baba alikuwa akiitengenezea taipureta. Akaibeba begani, akaiunganisha na televisheni yetu, na michezo akaihifadhi kwenye kanda za redio. Ukiwasha kanda ili mchezo uingie kwenye mashine, inapiga kelele kama birika lililokasirika, na wakati huo hakuna ruhusa ya kutembea. Waya ulikuwa umelegea, hatua moja tu inaharibu kila kitu. Basi tuliganda pale pale tulipo. Shangazi aliwahi kuganda na kijiko mdomoni.

Mama peke yake hakuhitaji kukatazwa, kwa sababu hakuingia chumba chochote bila kupiga hodi, hata jikoni kwake mwenyewe. Baba alimwitikia popote alipo, hata akiwa bafuni na povu machoni: "Karibu, mwenye nyumba!"

Wanangu nikiwaambia kwamba mchezo ulikuwa maneno matupu, wananionea huruma. Mashine inaandika: UKO KWENYE UKUMBI WENYE GIZA. Nawe unajibu kwa maneno mawili: WASHA TAA. Ngazi, kisima, popo, vyote tulivijenga vichwani. Kisima changu kilikuwa kirefu kuliko cha Shoka, tukagombana hadi tukafukuzwa sebuleni. Michezo ya namna hiyo ilikuwepo mingi enzi hizo, ila kwa lugha za watu. Baba akatutungia wa kwetu, mstari baada ya mstari, kila jioni akitoka kazini.

Akatuwekea na mlango uliotushinda. MLANGO UMEFUNGWA. NDANI KUNA MWANGA NA HARUFU YA CHAI. Tuliandika FUNGUA MLANGO, SUKUMA MLANGO, CHOMA MLANGO. Shoka akaandika lake. Mashine ikamjibu: SHOKA LIMEPINDA. AIBU NI YAKO. Baba alicheka nyuma yetu hadi miwani ikamtoka.

"Mama yenu angeshapita zamani," alisema.

Tulidhani anajipendekeza kwa mkewe, maana mama hakuwahi kuigusa ile mashine. "Mimi niamrishane na sanduku?" alikuwa akisema. "Nenda, lete, chukua! Hata mbwa anasemeshwa vizuri kuliko hivyo."

Baba alifariki bila kututajia jibu.

Mwaka huu macho ya mama yamefifia kabisa, hawezi tena kukaa peke yake. Tukaenda mimi na Shoka kufungasha vitu ili nimchukue kwangu. Nilimshika mkono tukapita chumba kwa chumba, na kila mlangoni alisimama, akasema hodi, akangoja kidogo, ndipo akaingia. Kule kungoja kuliniuma, na mimi nikiumia huwa mkali.

"Mama, ingia tu! Nyumba si yako?"

"Najua ni yangu," akasema, na mlango uliofuata akapiga hodi vile vile.

Kompyuta tuliikuta juu ya kabati, na kanda ya baba ndani ya soksi. Shoka alisema tuitupe. Nikamwambia akiigusa nitamng'oa meno mimi, bila ganzi. Sikuwa na hamu ya mchezo. Nilitaka neno moja zaidi kutoka kwa baba, moja tu, na nilijua liko nyuma ya ule mlango. Kanda yenyewe ilikuwa imekunjamana, na kama isingekubali mara hii, basi.

Tukawasha. Birika likakasirika. Shoka na upara wake akaganda na mguu mmoja hewani, mimi nimekumbatia mito, mama ametulia juu ya godoro lililofungwa kamba. Televisheni ikapepesa, kisha ikaandika: UKO KWENYE UKUMBI WENYE GIZA. Nilipiga kelele mama akashtuka.

Shoka akaandika, mimi nikamsomea mama kwa sauti. Kumbe kwa mtu asiyeona, mchezo usio na picha haumpunguzii kitu. Alikuwa akitutangulia. "Hapo kisimani mtateleza," alisema, na kweli tukateleza. Hatimaye tukafika penye mwanga na harufu ya chai. Nilipoinua macho, daktari mzima alikuwa ameshaandika shoka.

"SHOKA LIMEPINDA," nikasoma. "AIBU NI YAKO."

"Ni yake kweli!" mama akafoka. "Taa inawaka, chai inanukia, ndani wamo watu. Unawaendeaje watu na shoka? Wewe hukulelewa? Si upige hodi!"

Tukatazamana. Shoka akaandika taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu: PIGA HODI.

Televisheni ikawa nyeusi. Nikadhani kanda imekufa. Kisha maneno yakajitokeza, na mimi niliyekuwa msomaji nikauficha uso kwenye mito. Ikabidi Shoka asome.

"KARIBU, MWENYE NYUMBA. NILIJUA UTAKUJA. LEO CHAI NIMEPIKA MIMI. ASANTE KWA KILA HODI."

Mama akasema, "Soma tena." Shoka akasoma tena, na tena, mpaka akashindwa naye. "Chai yenyewe hakujua kupika," mama akasema, akicheka na machozi yanamtoka. Nami nililia bila aibu, nikimshukuru baba kwa sauti kana kwamba yupo bafuni. Nikaishukuru hata ile ofisi iliyotupa kompyuta yake.

Kanda haikuwaka tena baada ya siku ile. Nimeirudisha kwenye soksi yake.

Mama sasa yuko kwangu. Asubuhi yake ya kwanza nilikuwa jikoni naosha vyombo, nikasikia kandambili zake zikija polepole, zikasimama mlangoni.

"Hodi."

Sikumwacha angoje. "Karibu, mwenye nyumba!" nikaitika, povu mikononi, naye akaingia.