Theluji ya kwa Anania

Asubuhi hiyo Hezron alifika Hasamba na shehena ya vigae kutoka Tunduma, akapiga honi kwa Anania, mnunuzi wa kahawa, akafunguliwa geti, na Fuso yake ikakwama kwenye theluji. Haikuwa mara ya kwanza. Theluji ilianguka kwa Anania tu, tena si uwanja mzima, bali njia ya magari peke yake, kutoka getini hadi barazani. Ng'ambo ya ua mahindi ya jirani yalikuwa yakikauka kwa jua.

Watu walikwisha kuizoea. Muuza soda alichota ndoo yake kila siku akapozea chupa, na kanisani ilitangazwa kwamba wanaokwenda kuchota wasisukumane. Walioteseka ni madereva. Wengine walimwaga majivu, wengine mchanga. Akili ni nywele. Hezron ndiye aliyejaribu maganda ya kahawa, tairi zikashika, na tangu hapo hakuna gari la mzigo lililokwenda kwa Anania bila gunia la maganda.

Lakini palikuwa na mahali pamoja ambapo hata maganda hayakufaa kitu. Katikati ya njia, kipande cha urefu wa mtu mzima, theluji haikutua kabisa. Ilishuka, ikafika usawa wa kiuno, ikakwepa. Udongo pale ulikuwa mtupu na wa vuguvugu, na tairi la nyuma lilizama hapo kila safari, na asubuhi hiyo pia.

Nje ya geti alikaa Tumpe na sufuria lake la mahindi ya kuchemsha. Mahali pale palikuwa shamba la mumewe, Zebedayo, mpaka alipofariki na shemeji zake wakamuuzia Anania. Sharti lilikuwa moja, kaburi lake lililokuwa humo lihamishwe kwa heshima. Likahamishwa. Jeneza jipya, limekwisha kupigiliwa misumari, lilipelekwa makaburi ya kanisa, kwaya ikaimba, na kila Jumapili baada ya ibada Tumpe alikwenda kupalilia. Kaburi hilo ndilo alilobakiwa nalo kwa mumewe, wala hakudai kingine.

"Aziz, shika sepetu," Hezron alimwambia utingo wake, mtu mzima aliyekula chumvi nyingi pale mpakani.

Aziz alichimba mbele ya tairi. Sepetu ikagonga chuma. Akachomoa mkasi wa kupogolea kahawa, mpini wake umezungushiwa mpira mwekundu wa tyubu ya baiskeli, akaunyanyua juu kuutazama. Tumpe aliuona kutoka getini. Akaacha mahindi yake motoni akaingia.

"Mpira huo niliufunga mimi," alisema. "Mkasi nilimwekea mkononi siku ya kumzika. Ndani ya jeneza lake la kwanza."

Theluji haikuwa imemshtua mtu. Hili liliwashtua wote watatu. Aziz alisema inna lillahi na sepetu ikamponyoka. Hezron alikaa chini kwenye theluji, kwa sababu jeneza la pili alilibeba yeye, kwa Fuso hiihii. Siku ile alikwenda polepole akipiga honi ndefu njia nzima, kama inavyopigwa kwa maiti, na watu wote barabarani walisimama. Wazee walivua kofia, bodaboda wakazima pikipiki.

"Mama Ikupa," alimwambia Tumpe, "sasa mimi nilibeba nini?"

"Na mimi nimepalilia nini, mwanangu?"

Anania alitoka na mabuti yake ya mpira. Hakukana, na hiyo ndiyo ilikuwa aibu yenyewe. Alieleza kwamba siku ile vibarua walianza kuchimba, mvua ikawakatisha, na kwaya ilikuwa imekwisha kualikwa, basi wakatia mawe.

"Kwanza ungeshukuru, mama," alisema. "Hajasumbuliwa. Si yupo palepale?" Kisha akaigeukia Fuso. "Hiyo gari itoke. Kesho natandika matofali njia yote. Isipotoka naita kijiko, kichimbe hapo mpaka itoke."

Wote walikijua kijiko, lile tingatinga la kuchimbia mitaro, na meno yake.

Tumpe alipiga magoti kando ya tairi, akaweka kiganja kwenye udongo wa vuguvugu. Alisema kwanza kwa Kinyiha, halafu akarudia kwa Kiswahili ili Aziz asijione mgeni.

"Baba Ikupa, mwachie apite. Huyu hana kosa, ni dereva tu. Ukimzuia watakuletea kijiko."

Tairi likainuka lenyewe, injini imezimwa, na Fuso ikasukumwa kutoka chini mpaka ikavuka.

"Asante sana, baba," alisema Hezron, kama wanavyoshukuriwa watu waliosukuma gari.

Kesho yake ni yeye aliyeleta matofali. Angekataa, angeletwa mwingine asiyemjua Zebedayo. Tumpe akaombwa tena, akapiga magoti tena, akamsihi mumewe ayapishe matofali atakayofunikwa nayo, na mumewe akayapisha. Yalitandikwa kabla ya jioni. Tumpe alikwenda kulalamika kunakohusika, akajibiwa kwamba marehemu alikwisha kuhamishwa, na mtu hahamishwi mara mbili.

Theluji inaanguka mpaka leo, na kile kipande cha katikati kimebaki kikavu. Siku hizi Tumpe hapigi magoti tena, huita jina tu kutoka getini na gari hupita. Madereva wamejiwekea utaratibu wao. Wakifika pale hupunguza mwendo, hupiga honi ndefu ya maiti, na Tumpe husimama, pamoja na muuza soda na wote walio getini, wamevua kofia.

Barazani, Anania hudhani wamemsimamia yeye. Huweka chini kikombe chake cha chai, akawapungia mkono.