Lugha ya Kaveke

Shule zilipofungwa, Kaveke alirudi nyumbani Kasikeu akiwa hali chakula wala hacheki. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, kiziwi tangu kuzaliwa, na lugha yake ya ishara aliipata shule ya bweni. Mama yake, Nthenya, alikuwa akiisomea kanisani kila Jumamosi kwa Mwalimu Musembi, mtoto wa wazazi viziwi.

Darasani Nthenya aliiweza. Nyumbani, bintiye akimtazama tu, vidole vilikufa ganzi. Likizo iliyopita alikosea ishara mbele ya akina mama wa kanisa, Kaveke akacheka. Tangu hapo, wageni wakija, Nthenya aliificha mikono ndani ya leso aliyojifunga.

Sasa mtoto anasukuma sahani, na mama hawezi kuuliza hata kama ni tumbo. Wasiwasi ulipomzidi, alimwendea Musembi kwake, akamwambia kichwa chake kimekuwa kizito, heri aache.

Musembi hakubishana. Alimsogezea kigoda na sinia, akamwomba amsaidie kumenya mbaazi. Wakimenya, alimuuliza hili na lile kwa mikono: mvua, mbuzi, maembe. Nthenya alijibu, akakosea, asikatizwe; akajibu tena. Alipokuja kushtuka, alikuwa akimsimulia habari za Kaveke.

“Mbona hukunirekebisha, mwalimu?”

“Ningekurekebisha, ungenyamaza, mama.”

Jioni Nthenya alimketisha bintiye karibu naye jikoni. Akauliza kwa ishara: unaumwa wapi?

Mikono ya Kaveke ilienda mbio. Nthenya alishika maneno mawili tu, “kanisa” na “mama”. Nusura aitikie kwa kichwa, ajifanye ameelewa. Badala yake akaomba: pole pole.

Kaveke akarudia, ishara moja moja, machozi yakimlengalenga. Watu wa kanisa wakiwapo, mama anaficha mikono. Mama ananionea aibu.

Nthenya alitafuta maneno ya kujieleza, akayakosa. Aliyopata ni mawili: mimi, kuogopa. Akayarudia, kisha akaonyesha mikono yake mwenyewe.

Kaveke alimkazia macho, uso haujalegea. Halafu akaushika mkono wa mama, akanyoosha kidole kimoja kilichokaa vibaya, akamwashiria aseme tena.

Jumapili, ibada ilipokwisha, akina mama waliwazunguka nje ya kanisa. Nthenya aliitoa mikono ndani ya leso, akaanza kuongea na bintiye kwa ishara. Alikosea mapema tu, mmoja wao akacheka, lakini Nthenya akaendelea.

Mchana huo Kaveke alikula, ingawa si sana.