Mbegu Kwenye Soli

Kwa miaka kumi na moja, kila Jumamosi, tumepanda mlima kung'oa Shemeji. Ndivyo tulivyolibatiza lile gugu la maua ya njano, kwa sababu likishaingia kwako huthubutu kuliuliza litaondoka lini. Bondeni limeshameza kila kitu. Juu, kwenye chemchemi, msitu ulikuwa bado msafi, na huo ndio tuliokuwa tunaulinda: watembezi thelathini wa porini, hatulipwi, majembe ni ya kwetu.

Mwezi uliopita tukalikuta chemchemini. Miche arobaini hivi, imejipanga kando ya njia.

"Ni katapila la ofisi ya misitu limelileta," nikasema, nimefura. Ofisi ile naijua. Kila barua yangu waliyoitupa kapuni naikumbuka kwa tarehe.

"Katapila lipite wapi huku, Mheshimiwa?" akasema Mama Dawa, mwenye duka la dawa. Wananiita Mheshimiwa kwa kunichokoza. Sijawahi kuchaguliwa hata uongozi wa choo cha soko.

"Basi ni upepo wa kwao!"

Wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumatatu Mwalimu mstaafu, mkubwa wetu kwa umri, akaniletea buti lake kibandani. Mimi ni fundi viatu, kundi zima nawashonea mimi. Soli ilikuwa imeachama. Nikapitisha ncha ya kisu kwenye meno yake kutoa udongo mkavu, zikadondoka kwenye aproni mbegu nyeusi zenye vindoana. Nilizijua papo hapo. Nikashusha rafuni jozi tatu za wenzetu. Zimo. Nikavua viatu vyangu. Vyangu vilikuwa nazo kuliko vyote.

Miaka sita nyuma ofisi iliweka ndoo na brashi kwenye geti la msitu, kila mtu asugue viatu kabla ya kupanda. Nani aliyepanda juu ya kreti akauliza kama watu wanaotoa jasho bure wasimamishwe kama wezi wa kuku? Mimi. Nilipigiwa makofi. Baada ya mwezi ndoo ikaondolewa, nami nikajigamba kwa ushindi ule mpaka mke wangu akaniomba nitafute mwingine.

Jumamosi nikawaambia yote pale getini, mbegu zikiwa kiganjani. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyenikatiza.

"Kwa hiyo tusipande?" akauliza Mwalimu.

"Tukipanda tunalipeleka."

"Na tusipopanda?"

"Linatoa maua, Mwalimu. Wiki mbili tu, linamwaga mbegu."

Tukavua, tukasugua saa nzima kwa miswaki na vijiti, soksi tukazigeuza ndani nje. Tukapanda.

Ilikuwa imenyesha wiki nzima. Shemeji alikuwa amevuka chemchemi. Alikuwa penye jiwe la kulia chakula, penye gogo la kupumzikia, na kwenye kila shimo tulilowahi kuchimba kupanda mti. Mwalimu alihesabu mpaka mia mbili, akaacha. Mama Dawa aling'oa mche mmoja; udongo ukafumuka, na chini yake vichipukizi vingine, vyembamba kama nyuzi.

"Usijilaumu, kaka," akaniambia. Heri angenitukana.

Wote walikuwa wananitazama, wakingoja hotuba.

"Tuanzie wapi?" akauliza Mwalimu.

Nikatazama huku, nikatazama kule.

"Hapo ulipokanyaga," nikasema.