Makala ya Katikati

Siku moja kabla ya usaili wa uprofesa wa Zulema, Dokta Palavecino, mkuu wa idara ya kemia, alikuja kula kwetu. Sikumwalika mimi, alialikwa na Zulema. Nilimpakulia kama mgeni mwingine yeyote, nyama ya mbuzi na malenge, nikamtendea wema mpaka alipofungua mdomo.

"Zule, mimi nakutakia mema," alisema. "Ipunguze orodha yako. Toa zile makala za saikolojia ya jamii, bakiza kemia tupu."

"Ni nusu ya kazi yangu, Dokta."

"Ndiyo nusu itakayokuangusha. Mpinzani wako Bergallo kachapisha makala ishirini na nne, zote kemia, zimenyooka kama reli. Wewe leo uko kwenye jarida la kemia, kesho uko kwa wanasaikolojia. Jopo litauliza, huyu mama ni nani hasa?"

Zulema akabaki anachezea uma. Mimi nilimwondolea Palavecino sahani kabla hajamaliza. Nilimwambia chakula kimepoa, nakwenda kukipasha, na sikurudi nacho.

Niseme mapema ili tusichoshane: Zulema ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea tangu anatambaa, kwa hiyo ni mwanangu, na mwenye neno aje anione. Kazaliwa kijijini kwetu Algarrobal Chico, ambako mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama, na maji ya kisima yana sumu ya aseniki. Aseniki haina rangi, haina harufu, wala haina haraka. Huanza na ngozi ya viganja, halafu huendelea ndani. Mdogo wangu ilimla ini. Zulema alisomea kemia kwa sababu hiyo, na hakuwahi kuhitaji sababu nyingine.

Sasa kiti cha uprofesa kilikuwa wazi, mwenyewe kastaafu. Waombaji walibaki wawili, yeye na Bergallo. Bergallo alikuwa bado kijana. Akikikalia yeye, Zulema angezeeka akiwa msaidizi wake, akimwomba ruhusa ya kuja kutupima maji. Na Bergallo kwetu hajawahi kukanyaga.

Kuhusu hizo makala, nieleze mwenyewe, maana nilikuwemo. Alianza na chujio la mchanga na kutu ya chuma, ndoo moja juu ya nyingine. Lilitoa maji safi kabisa, akaliandikia makala, wakubwa wa ng'ambo wakalisifu. Kila nyumba ikapewa ndoo zake. Mwaka ulipopita akaja kutukata kucha, kwa kuwa aseniki hujificha kwenye kucha, na kucha hazijui kudanganya. Akakuta zimejaa aseniki vilevile. Wenzake chuoni wakasema chujio bovu. Bergallo alisema hivyo pia, na kucheka akacheka.

Zulema akaliacha koti jeupe chuoni, akaja kukaa uani kwangu majira yote ya joto, akinywa na majirani ile chai yetu iitwayo mate. Sisi bila mate hatuongei: majani machungu kwenye kibuyu kimoja, maji ya moto, mrija mmoja unaozunguka kwa wote, asubuhi hadi jioni. Anayemimina ndiye anayeanza kunywa, ili wengine wajue amewapa kitu kizuri. Hapo ndipo alipoona jambo. Maji ya glasi yalitoka kwenye chujio, lakini maji ya birika yalitoka kisimani. Nyumba zote. Ndiyo, na yangu. Tulisema moto unaua kila kitu. Kumbe moto unaua vijidudu, aseniki unaikoleza.

Basi akatueleza, tukaitikia kwa vichwa, na birika likaendelea kwenda kisimani. Mwingine angetuita wajinga akarudi zake mjini. Zulema akapita nyumba kwa nyumba akimuuliza kila mtu faraghani: "Jirani akikumiminia mate ya maji ya chujio, utaudhika?" Kila mmoja akajibu, aka, niudhike kwa lipi? "Na wewe ukiwamiminia wao?" Loo! Kila mmoja akasema wataudhika sana, wataona nawaambia kisima chao ni sumu. Kijiji kizima kilikuwa kinaogopa kumuudhi mtu ambaye hayupo!

Akatukusanya darasani shuleni akatusomea majibu yetu, bila kutaja majina. Tulicheka mpaka tukaanza kuoneana haya. Kesho yake nilichota maji ya chujio mbele ya wote, nikamimina, nikanywa wa kwanza. Hilo ndilo lililozaa zile makala za saikolojia, na akiziita mtu porojo, ajue ananiita mimi porojo.

Usaili wa uprofesa kwetu ni wa wazi. Yeyote anaingia na kukaa, mradi afunge mdomo. Kijiji kilikuja na basi la timu ya mpira. Jopo lilikuwa limepanga saa nane mchana, na hapo ndipo ungejua limetoka mbali, maana saa nane mchana, kwa joto la mkoa wetu wa Santiago, hata mbwa amelala. Mzee Fulgencio, jirani yangu mfuga mbuzi, alianza kukoroma kabla majaji hawajakaa. Nikamfinya.

Majaji walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa mzee wa Tucumán, mtu wa kuandika kuliko kusema. Kulikuwa na mama mmoja wa Córdoba aliyetuchekea sote tangu mlangoni, nikampenda papo hapo. Wa tatu alikuwa Dokta Oyhanarte wa Buenos Aires, mkavu, miwani juu ya paji la uso. Huyo nilimchukia papo hapo.

"Dokta Gerez," Oyhanarte alianza, akimgeukia Zulema, "nimeisoma orodha yako nikaona watu wawili. Mmoja ni mwanakemia mzuri mwenye makala chache. Mwingine ni mwanasaikolojia ambaye saikolojia hakuisomea. Ni yupi anaomba kiti?"

Yule mama wa Córdoba akaingilia kwa sauti ya asali. "Dada, kanuni zinakuruhusu kuondoa makala kabla hatujapiga kura. Ondoa zile tu. Hakuna atakayekulaumu, na sisi utaturahisishia."

Palavecino, kwenye kiti cha mbele, aliitikia kwa kichwa kama mjusi. Zulema akainamia karatasi zake. Nikaogopa kweli. Namjua mwanangu: ukimgombeza atabishana nawe mpaka uchoke, lakini ukimwomba kwa upole hukubali. Hivyo ndivyo nilivyomlisha mboga. Na yule mama alimwomba kwa upole sana.

"Naomba nitaje makala tatu tu," Zulema akasema mwishowe. "Ya kwanza inaonyesha kwamba chujio linatoa maji safi. Ya tatu inaonyesha kwamba kucha za watu wa Algarrobal Chico zimepona. Zote mbili ni kemia, na zote mbili mmezipa alama. Katikati ipo moja ya saikolojia. Inaeleza kwa nini watu walikuwa na maji safi na kucha chafu, na walibadilikaje. Nikiitoa hiyo ya katikati, ya kwanza inakuwa uongo na ya tatu inakuwa muujiza. Mimi sifanyi miujiza, Dokta. Siitoi."

Nilitaka kupiga vigelegele. Nikauma kitambaa.

"Hizo kucha," Oyhanarte akauliza, "zimepimwa na nani zaidi yako?"

"Maabara mbili za nje ya mkoa. Na wenye kucha wako hapo nyuma yako."

Oyhanarte akageuka. Hatukuwa tumepanga lolote, naapa. Mzee Fulgencio, ambaye nilidhani amelala tena, aliinua mikono yote miwili, kucha zikielekea kwa majaji. Nami nikainua yangu. Safu nzima ikainua, na ya nyuma yake.

"Wanafanya nini hawa?" mwenyekiti akauliza.

"Ni data zangu, Mwenyekiti," Zulema akasema. "Wamekatazwa kusema."

Oyhanarte akaishusha miwani machoni, akaja mpaka kwenye viti vyetu. Alikagua vidole vya Fulgencio kwa muda, akavigeuza, akaja kwangu. Hakucheka, wala hakunionea huruma. Alitazama viganja vyangu kama mtu anayejua anachokitafuta.

"Vilikuwaje zamani?" akaniuliza.

Nikamtazama mwenyekiti. "Jibu, mama," akasema.

"Kama gome la mti," nikamwambia. "Nilikuwa sichani nywele za mtoto, zinanasa."

Walitoka kushauriana, wakarudi jua limeanza kupoa. Zulema alishinda kwa kura mbili dhidi ya moja. Na yule mama wa tabasamu ndiye aliyepiga ya hapana! Oyhanarte alisoma sababu zake kwa sauti yake ileile kavu, kwamba orodha ni moja, ya mtu mmoja, aliyelifuata swali lake kila lilikokwenda, na haifai kuhesabiwa kwa mafungu. Nikasamehe Buenos Aires nzima. Nililia pale pale, bila kujificha, na kijiji kikapiga makofi mpaka mwenyekiti akaacha kutunyamazisha. Mwanangu, profesa! Kwa kazi yake yote.

Nje kwenye ngazi, Palavecino alinijia mkono mbele.

"Hongera, Bi Duvi. Ila nilisema, na narudia: bila ile nusu nyingine, angepita kwa kura zote tatu."

"Dokta," nikamwambia, "mimi sikulea nusu mtu."