Fundi wa Nguzo ya Tatu

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi taa ya ruta iligeuka nyekundu, na mkalimani akaiandika saa hiyo kwenye daftari. Ilikuwa mara ya thelathini na moja. Kazi yake, aliyoifanya kwenye meza ya jikoni, ilikuwa kuwafasiria kwa video wagonjwa wasioelewana lugha na madaktari wao. Hospitali ilishamwonya: mtandao ukikatika tena daktari akieleza dozi, watatafuta mwingine.

Alishabadilisha waya. Alishaihamisha ruta mbali na jokofu. Daftari lilionyesha kwamba mtandao hukatika kila baada ya dakika arobaini.

"Zima, subiri kidogo, washa," alisema kwenye simu dada wa huduma kwa wateja.

"Nimezima mpaka swichi imelegea. Tatizo liko nje."

"Kwenye mfumo, mama, laini yako ilitengenezwa Machi. Kazi imefungwa."

Mkalimani akatoka na daftari, akaufuata waya hadi nguzo ya tatu. Juu yake alikaa fundi aliyeanguka hapo mwezi Machi na kufa. Alikuwa amezibana ncha mbili za waya kwa vidole.

"Shikamoo, fundi. Kila dakika arobaini unafanya nini?"

"Marahaba. Nabadilisha mkono. Unaingia ganzi."

"Mbona hukuunga?"

"Niliomba kiungio na mkanda wa kupandia. Wakaniambia panda, vitafuata."

"Vimefuata?"

"Naviona vinakuja, mwanangu. Vimepitia mbali tu."

Mkalimani aliandika yote. Kisha akaeleza kwamba wagonjwa wake hupokezana kila nusu saa. Je, angeweza kubadilisha mkono mmoja akishaondoka, kabla mwingine hajaingia?

"Naweza. Ila saa yangu ilisimama Machi."

"Nitafungua dirisha la jikoni. Ukiliona wazi, badilisha."

Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa aliyekatikiwa. Mkalimani aliiandikia kampuni kuhusu kiungio, mkanda na mtu aliyeko juu ya nguzo. Jibu la barua ya nne lilisema kwamba, kwa mujibu wa mfumo, fundi huyo alimaliza kazi na kushuka salama saa tisa alasiri, kama mjane wake alivyokwisha kuarifiwa. Na kwamba, kwa kuwa laini sasa ni nzuri, hakuna haja ya kumtuma mtu.

Mkalimani alilisoma mara mbili, akalibandika kwenye daftari, akaanza barua ya tano.