Chupa Zilizong'aa

Kazini, kwenye maabara ya maji, walimwita Mama Buluu, na jina likamkaa. Kutwa alikuwa akiilisha mashine moja yenye mirija myembamba kama uzi: inanyonya maji kikombe baada ya kikombe, inayachanganya na dawa, na fosforasi, ile inayotiwa kwenye mbolea, ikiwamo maji yanageuka buluu. Buluu ikikolea, mstari kwenye kompyuta unapanda. Mashine haijui kupendelea, na haina ndugu.

Mama Buluu ndugu alikuwa naye. Mdogo wake alifuga samaki kwenye mabwawa yaliyovuta maji ya mto, chini kidogo ya kiwanda cha mbolea. Ghafla maji yakageuka kijani, yakanuka, na samaki wote wakaelea tumbo juu. Kiwanda kikaruka kimanga. Wakili akasema kesi itasimama kwa jambo moja tu: maji ya juu ya kiwanda yaonekane safi, ya chini machafu. Basi Mama Buluu akampa mdogo wake chupa za maabara, naye akachota kote kuwili kabla mvua hazijaanza.

Sampuli zilipofika, aliiwasha mashine roho juu. Maji ya chini yakapita, mstari ukapanda mpaka akapiga makofi peke yake. Yakaja ya juu. Mstari ukapanda vilevile.

Akadhani mirija imebakiza masalio ya kikombe kilichotangulia. Mashine hizi zina ukorofi huo. Akaisafisha, akapitisha maji safi ya maabara, mstari ukalala chini kabisa. Akarudia ya juu. Ukapanda. Mwishowe akachukua chupa moja iliyorudi tupu, akaisuuza kwa maji yale yale safi, akayapima. Buluu tupu. Akapiga simu.

"Zile chupa nilizokupa, kuna mtu aliziosha?"

"Mama ndiye aliyeziosha, dada. Yuko hapa, ngoja niweke spika."

"Zilikuwa na vumbi, mwanangu," mama akadakia. "Nikazisugua na sabuni ya unga mpaka zikang'aa. Sikutaka watu wa kazini kwako waseme kwenu wachafu."

Maabara, chupa za fosforasi huoshwa kwa asidi. Sabuni ya unga haikaribishwi hata mlangoni, maana huenda ina fosforasi yenyewe. Kila mwajiriwa mpya huimbiwa wimbo huo mpaka achoke. Mdogo wake hakuimbiwa, na kosa hilo lilikuwa la Mama Buluu. Lakini nani angefikiria kuosha chupa safi? Mama yake, bila shaka. Mama yule angeweza kuosha hata sabuni.

Akawaeleza. Hakukuwa na namna ya kulipamba.

"Si uandike ya chini tu?" mdogo wake akauliza.

"Yote yameingia sabuni. Na wakidai ya juu, nitawapa nini?"

"Basi nikachote tena."

"Uchote nini, mdogo wangu? Mvua imeshaosha mto mzima."

Alijichukia kwa kusema hivyo, lakini ndio ulikuwa ukweli. Kesi ilikuwa imekufa.

Kisha mama, kwa sauti ndogo ambayo Mama Buluu hakuwahi kuisikia kwake: "Nije huko nizisuuze, mwanangu? Nitatumia maji mengi."

"Haitasaidia, mama."

"Hata nikisuuza siku nzima?"

Nyuma ya sauti hiyo alimsikia mdogo wake akilia, halafu simu ikakatwa.